Uji mchachu wa kimea: mzito kwa unga, mwepesi kwa kumeza

Kina mama wenye watoto waliofikisha miezi sita huniuliza sana wachanganye nini kwenye unga wa lishe. Ulezi, ngano, soya, karanga, mchele, mbegu za maboga. Orodha inazidi kurefuka kila mwaka. Mimi huwauliza kwanza: uji wenyewe unaupika mzito kiasi gani? Wengi hujibu kwamba ni mwepesi, ili mtoto aumeze bila tabu. Tatizo liko hapo, na utatuzi wake tumerithi kwa bibi zetu: kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, na uchachu.

Tufanye hesabu. Mtoto wa kilo 8, tumbo lake hubeba kama mililita 240 kwa mlo, yaani kikombe kimoja hivi. Uji mwepesi una unga wa gramu 5 hivi katika kila gramu 100 za uji, kwa hiyo kikombe hicho kina gramu 12 tu za unga, sawa na kilokalori zisizofika 45. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, na kuanzia miezi 9 anahitaji 300. Angelazimika kunywa karibu vikombe vitano vya uji huo, naye katika umri huo anakula mara mbili au tatu kwa siku. Anachoshiba ni maji. Ananyamaza, mama anaridhika, mwili wake bado una njaa. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi ya mara kwa mara na lishe ya mama akiwa mjamzito, lakini uji mwepesi umo ndani yake, na huu tunaweza kuurekebisha leo jikoni.

Ukisema uongeze unga tu, uji unakuwa ugali na mtoto anautema. Kazi ya kimea ndiyo hiyo.

Mimi nilikifahamu vizuri kwa mama mkwe wangu, Songea, ambako togwa haikauki nyumbani. Huchambua ulezi, akauosha, akauloweka usiku kucha. Asubuhi humwaga maji, akautandaza kwenye gunia safi lililoloweshwa na kuufunika. Siku ya pili au ya tatu unakuta vimizizi vyeupe vimeshikana, ukiinua kiganja unainuka nao kama kipande cha mkeka. Huo huanikwa juani mpaka ukauke kabisa, hupukuchwa kwa viganja vimizizi vitoke, hupepetwa, kisha husagwa. Mama huwa anasema, “Mwanangu, kimea kikibaki na unyevu ni ukungu huo unautunza,” na kweli, unga wake haukai kwenye kopo mpaka auvunje kati ya vidole na kuridhika kwamba ni mkavu.

Sasa pika uji wa dona mzito, ule ambao mwiko karibu usimame. Epua, uache upoe kiasi cha kuonjeka bila kukuunguza ulimi, kisha tia kijiko kimoja cha kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache mkono wenyewe utakuambia: mwiko uliokuwa unagoma unaanza kuzunguka kirahisi, uji unalegea na kung'aa, ukiinua kijiko unatiririka. Na hujaongeza hata tone la maji. Nafaka inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga vipande vidogo, na wanga uliokatwa hauwezi tena kushika maji na kuvimba. Ndiyo maana usikitie uji ukiwa unatokota. Vimeng'enya hivyo huharibiwa na moto mkali. Kwa njia hii gramu 100 za uji zinaweza kubeba hadi gramu 20 za unga na bado mtoto akaumeza. Kikombe kilekile sasa kinampa kilokalori zaidi ya 160. Ukishalegea, urudishe jikoni uchemke tena, kwa sababu kimea kimekaa siku kadhaa na unyevu na vijidudu havikosekani. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilikihimiza kimea miaka ya 1980, na nasikitika kwamba mama wa leo anamfahamu muuza unga wa pakiti kuliko anavyokifahamu kimea.

Uchachu ni jambo la pili, na hapa napata upinzani zaidi. Wapo wanaoamini uji mchachu ni uji ulioharibika. Uji unaomdhuru mtoto mara nyingi ni ule mtamu uliopikwa alfajiri, ukawekwa kwenye chupa ya chai, ukanywewa mpaka jioni. Ukishapoa na kuwa vuguvugu, bakteria wa kuhara huzaliana humo bila kizuizi. Uji uliochachuka vizuri una asidi ya laktiki, ileile iliyo kwenye mtindi, na pH yake (kipimo cha uchachu, kinachoshuka kadiri uchachu unavyozidi) ikishuka chini ya 4 bakteria wengi wa kuhara hushindwa kukua. Mwaka 1994 watafiti Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walichapisha utafiti waliofanya hapa Tanzania: watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa walipata kuhara kidogo kuliko wenzao waliolishwa uji wa kawaida. Mtoto asiyehara mara kwa mara hukitumia chakula chake kukua.

Faida nyingine haionekani kwa macho. Nafaka na mikunde vina fitati, ambayo hushikamana na madini ya chuma na zinki, na utumbo ukashindwa kuyafyonza. Nafaka yenyewe ina kimeng'enya cha kuivunja fitati, nacho hufanya kazi vizuri asidi ikipanda. Lakini moto hukiua. Kwa sababu hiyo mimi huchachusha unga mbichi kwanza, kisha napika. Nachanganya unga wa dona na kimea kidogo katika maji yaliyochemshwa yakapoa, natia vijiko viwili vya mchanganyiko uliochachuka wa awali, nafunika. Dar es Salaam usiku mmoja unatosha. Njombe wakati wa baridi unaweza kuhitaji siku nzima na zaidi. Harufu inayotakiwa ni ya mtindi, safi na kali kidogo. Ukiona utando wa rangi au ukungu, au ukisikia harufu ya kuoza, mwaga bila kujiuliza. Asubuhi napika uji mzito, unapoa kidogo, natia kimea cha kuulegeza, nachemsha tena. Asidi haiondoki kwa kuchemshwa. Kama mtoto anakunja uso, punguza muda wa kuchachusha au changanya na ndizi mbivu iliyopondwa, na sukari iache. Asali usimpe kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya sumu hatari kwa mtoto mchanga.

Togwa ya kununua stendi au sokoni mtoto mdogo asipewe. Huijui imetengenezwa kwa maji gani, na ikikaa sana hamira ya asili huanza kuigeuza pombe.

Kimea kiwe cha ulezi. Una kalsiamu nyingi, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, na nafaka nyingine tunazokula haziukaribii. Mtama pia huota vizuri, ila machipukizi yake yana kiasili kinachoweza kutoa sayanaidi, kwa hiyo kama huna budi kuutumia, ukaushe na kuyapukuchua yote.

Na kabla ya yote, chagua nafaka. Mahindi na karanga zenye ukungu huwa na sumukuvu, na usitegemee moto au uchachu kuiondoa. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Punje iliyobadilika rangi, iliyonyauka au iliyotobolewa, itoe kwa mkono.

Mambo ambayo uji huu hauyawezi pia yasemwe. Kuchachusha hakuongezi chuma ambacho hakimo. Kunafungua tu kilichofungwa. Mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi kimoja muhimu cha protini, hivyo protini yake haijitoshelezi, kwa hiyo ongeza mikunde: maharage yaliyochemshwa yakaiva sawasawa na kupondwa, au kunde. Soya isiingie kwenye unga ikiwa mbichi, kwa sababu ina vizuizi vinavyomnyima mtoto protini hiyohiyo unayoitafuta. Lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Ndiyo maana siupendi unga wa lishe wa nafaka kumi zilizosagwa pamoja. Karanga zikisagwa humo mafuta yake huchacha upesi, na mtoto akipata mzio huwezi kujua ni kipi kimemletea. Nafaka moja au mbili, kimea, na mkunde mmoja unaoongezwa wakati wa kupika vinatosha. Vitamini B12 haimo kabisa kwenye mimea, kwa hiyo yai, dagaa waliosagwa, maini au maziwa lazima viingie siku nyingine za wiki, hata kwa kiasi kidogo. Mboga za majani na kipande cha papai au chungwa humsaidia kufyonza chuma cha kwenye uji. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka miwili na zaidi.

Mtoto akianza kuhara, usimwachishe kula. Mpe maziwa ya mama mara nyingi zaidi, maji ya ORS na vidonge vya zinki utakavyoelekezwa kituo cha afya, na uji huu mchachu kwa vijiko vichache vichache mpaka hamu irudi. Akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, au analala tu na hataki kunyonya, acha kila kitu umpeleke hospitali saa hiyohiyo. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki mbili hivi ili arudishe uzito aliopoteza.