Wakulima wenye tani wanapotea kwenye orodha yangu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Newala. Nasoma faili la mauzo ya korosho kwa Python, kila mstari nautenga kwa split(','). Safu ni nne: namba ya mkulima, kijiji, kilo, daraja. Programu ilikuwa inagoma. Kijana mmoja wa kundi la WhatsApp akaniwekea try na except: pass (kosa likitokea, lirukwe), sasa inakwenda. Ila jumla ya kilo ni pungufu kuliko ya ghalani. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Programu yako haijapona, imezibwa mdomo. Bila shaka faili lako lina mistari kama huu:

0417,Kitangari,"1,240",1

Wewe unaona safu nne, split inakupa tano, kwa sababu haizijui alama za nukuu. Ukienda kuchukua kilo unakuta "1 pamoja na nukuu yake, int, inayogeuza maandishi kuwa namba, inakataa, na ile except: pass inautupa mstari mzima kimyakimya. Mkulima wa kilo 985 hana koma, anapita salama. Anayefutika ni aliyefikisha tani moja na kuendelea.

Nukuu hizo zina kazi. Excel ikihifadhi CSV, yaani faili la maandishi lenye safu zinazotengwa kwa koma, huandika namba kama inavyoonekana kwenye seli. Kama umeweka koma ya elfu, nayo inaingia, na ndipo thamani nzima inafungiwa ndani ya nukuu. Utaratibu huo umeelezwa katika RFC 4180 ya 2005, waraka unaoeleza muundo wa CSV, na moduli ya csv, inayozijua nukuu hizo, imo ndani ya Python tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003. Huinunui wala huipakui:

import csv
with open('mauzo.csv', newline='', encoding='utf-8-sig') as f:
    mistari = list(csv.reader(f))

Hapo kila mstari ni orodha ya safu nne. Kama kompyuta yako inahifadhi kwa nukta mkato, ongeza delimiter=';'.

Kuna na wale wanaoshauri ufute koma zote kwenye Notepad kabla ya kusoma. Huo ni uharibifu, maana unafuta na zile zinazotenganisha safu! Koma ya elfu huondolewa baada ya kutenga, tena kwenye safu ya kilo peke yake: int(m[2].replace(',', '')), ambapo m ni mstari mmoja. Ruka mstari wa vichwa. Namba ya mkulima iache kama maandishi, kwani ukiipitisha kwenye int, 0417 inageuka 417 na hutampata tena kwenye daftari.

Lakini except: pass ndiyo inayonikera kuliko yote. Naiona kila mahali, kwenye orodha za pembejeo, za michango, za mishahara ya vibarua, na anayeigawa hulipwa asante na kuondoka. Kosa lililoonekana lingekupotezea nusu saa. Lililofichwa linampunguzia mzee wa watu malipo ya msimu mzima, na yeye hana pa kuangalia. Programu inayogusa fedha za watu ikikuta mstari usiosomeka isimame na kuutaja, csv.reader ina line_num, yaani namba ya mstari, ya kazi hiyo hiyo, ila uitumie ukisoma mstari mmoja mmoja, si baada ya list. Kataa pia mstari wowote ambao len yake, yaani idadi ya safu, si 4.

Orodha uliyokwisha kuitoa usiitumie kulipa. Isome upya, kisha linganisha kilo na stakabadhi ya ghala, mkulima kwa mkulima, ukianza na waliozidi kilo 999.