Mtoto wa Timu na Mchezaji wa Kusajiliwa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Besiboli

SWALI

Ndugu Mhariri, baada ya salamu. Mimi ni msomaji wenu wa Ngamiani, Tanga. Mpwa wangu, ambaye ni baharia, ametuambukiza mapenzi ya besiboli ya Marekani, na barazani kwetu sasa kuna pande mbili. Yeye anasema Los Angeles Dodgers wamechukua ubingwa wa mwaka 2024 na wa 2025 kwa nguvu ya fedha tu, kwa kuwa nyota wao wametoka kwingine. Mimi nasema timu haiwezi kusimama kwa waja leo waondoka leo peke yao. Lazima iwe na vijana iliowalea yenyewe. Nani kati yetu yuko sahihi? Na huyo mchezaji wa nyumbani ni yupi hasa, maana wengi wanaoitwa hivyo si Wamarekani?

JIBU

Ndugu yetu wa Ngamiani, tuanze na swali lako la mwisho. Hapa kwetu tunapozungumzia usajili tumezoea kuwagawa wachezaji katika wazawa na wageni, na kipimo chetu ni uraia. Besiboli ya Marekani ina kipimo kingine: ni timu ipi iliyomsainisha kijana mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, ikamkuza katika timu zake za chini hadi akapandishwa kikosi cha kwanza. Mariano Rivera alizaliwa Panama, akasainishwa na New York Yankees mwaka 1990, na mpaka anastaafu mwaka 2013 hakuwahi kuichezea timu nyingine ya ligi kuu. Kwa hesabu hiyo, yeye ni mtoto wa Yankees sawasawa na Derek Jeter, Mmarekani waliyemchagua mwaka 1992 alipomaliza sekondari.

Vijana hao huingia kwa milango miwili. Wa Marekani, Kanada na Puerto Rico hupitia uchaguzi wa kila mwaka ulioanza mwaka 1965, ambapo timu zote 30 huchagua kwa zamu, na tangu mwaka 2021 uchaguzi huo una raundi 20. Wa nchi nyingine husainishwa moja kwa moja wakiwa na umri wa miaka 16 na kuendelea, na ndiyo sababu kila timu ya ligi kuu ina kituo chake cha kulelea vijana katika Jamhuri ya Dominika. Kutoka hapo kuna madaraja manne makuu ya kupanda, ambayo huchezwa katika miji midogo na safari nyingi za basi za usiku, na wengi wa waliosainishwa hawafiki kileleni kamwe. Jambo hili linanigusa sana, kwa sababu nyuma ya kila Rivera kuna vijana wengi waliotoa ujana wao wote kwa mchezo huu na majina yao hatutayasikia.

Anayefika hubaki chini ya timu yake mpaka atimize miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, ndipo awe mchezaji huru, yaani wa kusaini na timu aitakayo. Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani timu ilimshikilia mchezaji maisha yake yote ya uchezaji, mpaka uamuzi wa usuluhishi wa Desemba 1975 ulipowafungulia njia wachezaji Andy Messersmith na Dave McNally. Miaka hiyo sita ndiyo inayompa mtoto wa nyumbani thamani yake, hasa ile ya mwanzo, ambapo hulipwa karibu na kima cha chini. Kima hicho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, wakati Shohei Ohtani, aliyetoka Los Angeles Angels akiwa mchezaji huru, alisaini na Dodgers mwezi Desemba 2023 mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 700. Timu yenye vijana wake watano au sita wazuri hubakiwa na fedha za kumlipa Ohtani mmoja.

Sasa nije kwenye mabishano yenu. Mpwa wako hakosei kuhusu fedha, ila anapofikiri kwamba fedha zilitosha, hapo siwezi kumuunga mkono. Mookie Betts alilelewa na Boston Red Sox, na Dodgers walimpata mwaka 2020 kwa kubadilishana. Miongoni mwa waliotolewa walikuwamo Alex Verdugo na Connor Wong, vijana ambao Dodgers wenyewe waliwachagua na kuwakuza. Kama shamba lao la vijana lingekuwa tupu, wangempa Boston nini? Hata kulipa fedha taslimu kungekuwa shida: mwaka 1976 mmiliki wa timu ya Oakland alijaribu kuwauza nyota wake watatu kwa dola milioni 3.5, na kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, akayabatilisha mauzo hayo. Kwa hiyo mtoto wa nyumbani hucheza, na pia ndiye anayekuwezesha kumpata wa mwenzako.

Mwambie mpwa wako aikumbuke mechi ya saba ya fainali ya mwaka 2025 kule Toronto, iliyoanza saa tisa usiku kwa saa za Tanga na kuisha wakati watu wanakunywa chai ya asubuhi. Katika kipindi cha kumi na moja, matokeo yakiwa 4-4, Will Smith aliupiga mpira ukavuka uzio, Dodgers wakaongoza 5-4, na Smith ni mtoto wa Dodgers tangu walipomchagua mwaka 2016. Kisha tazama pigo la mwisho lenyewe: Yoshinobu Yamamoto anarusha, Smith akiwa amechuchumaa kumdakia, mpigaji wa Toronto anaugusa mpira unabiringika hadi kwa Betts, naye anakanyaga kituo cha pili na kumrushia Freddie Freeman, aliyelelewa na timu ya Atlanta. Watu wawili wametolewa kwa mpira mmoja, ubingwa umepatikana. Mimi nakupa wewe haki, ndugu yangu, ingawa si haki yote.

Wako wanaomhesabu Yamamoto kuwa mtoto wa Dodgers, kwa kuwa hajaichezea timu nyingine ya Marekani. Sikubaliani nao. Alilelewa na Orix Buffaloes ya Japani, na alipofika Los Angeles alikuwa mrushaji aliyekamilika.

SWALI

Mimi ni mwanafunzi wa Muheza. Je, timu iliyomlea mchezaji hulipwa anapoondoka?

JIBU

Katika soka, mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomfundisha kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu kama Coastal Union, aliyotoka Bakari Mwamnyeto kwenda Yanga mwaka 2020, inapaswa kutunza vizuri kumbukumbu za vijana wake kwa ajili ya siku hiyo. Besiboli ya Marekani haina mgao wa namna hiyo. Timu inayompoteza mchezaji huru huweza kupewa nafasi ya ziada katika uchaguzi wa vijana, ikiwa ilimpa ofa rasmi ya mwaka mmoja akaikataa. Wajapani wamejipatia utaratibu mzuri zaidi: Yamamoto alipoondoka, Dodgers waliilipa Orix zaidi ya dola milioni 50, mbali na mkataba wake mwenyewe wa dola milioni 325.