Kasino ikimhamisha mgeni uliyemleta, kamisheni ni ya nani?

SWALI: Nina tovuti ya Kiingereza inayolinganisha kasino za mtandaoni, na kipato changu ni kamisheni ya wachezaji ninaowapeleka huko. Wageni wangu wengi wako Ulaya. Hivi karibuni rafiki yangu aliyeko Uholanzi alibofya kiungo changu, akajikuta kwenye kasino nyingine kabisa ambayo sina mkataba nayo. Meneja wa kasino anayesimamia washirika, yaani sisi tunaowaletea wachezaji, anasema Uholanzi imezuiwa, kwa hiyo sina ninachodai. Ripoti yangu inaonyesha mibofyo mingi kutoka nchi hiyo, usajili sifuri. Je, hii ni haki? Nitathibitishaje? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Si haki, ndugu msomaji. Meneja wako amechanganya mambo mawili. Kuizuia nchi ni ruhusa yao, na mara nyingi ni wajibu wao kisheria. Kumchukua mgeni uliyemleta wewe na kumpeleka kwingine bila kitambulisho chako, yaani msimbo ulio kwenye kiungo unaoonyesha kuwa mgeni ametoka kwako, ni jambo la pili, na sheria ya Uholanzi haikumwagiza mtu yeyote kufanya hivyo.

Sheria ya Uholanzi ya kamari ya mtandaoni ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2021, na soko la wenye leseni likafunguliwa tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo. Ujerumani nayo ilianza utaratibu wake mpya tarehe 1 Julai 2021. Kabla yao, Marekani ilipitisha sheria mwaka 2006 iliyokataza kampuni za kamari kupokea malipo ya kamari haramu ya mtandaoni, na kampuni kadhaa kubwa zikaondoka katika soko hilo. Kila mara mshirika ndiye anayeachwa mikono mitupu, kwa sababu orodha ya nchi zilizozuiwa hubadilishwa bila yeye kuambiwa.

Sasa tuangalie mitambo. Mgeni akibofya, seva ya kasino husoma anwani yake ya IP, yaani namba ya muunganisho wake wa intaneti, huilinganisha na hifadhidata ya nchi, kisha huamua. Ikitaka kumhamisha humrudishia kivinjari jibu namba 302 pamoja na anwani mpya ya kwenda. Kidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambayo tovuti huiweka kwenye kivinjari, kilichowekwa na kasino ya kwanza hakisomeki na kasino ya pili, maana kila tovuti husoma vidakuzi vyake yenyewe. Kwa hiyo kitambulisho chako kinaweza kuvuka kwa njia moja tu ya kutegemewa: kiandikwe ndani ya anwani mpya yenyewe. Kisipoandikwa, kwa kasino ya pili wewe hujawahi kuwepo.

Kasino inayoheshimu washirika wake ina njia za wazi. Inaweza kumwonyesha mgeni ukurasa wa kumweleza kwamba nchi yake hairuhusiwi. Kuna hata namba ya jibu iliyotengwa kwa vizuizi vya kisheria, 451. Inaweza kumrudisha kwenye tovuti yako ili umpe chaguo jingine. Au inaweza kumpeleka kasino dada yenye leseni katika nchi hiyo, kitambulisho chako kikiwa kimebebwa na kamisheni ikiandikwa kwenye akaunti yako. Aliyoyaona rafiki yako hayamo humo.

Ushahidi utaupata mwenyewe. Kodi seva ndogo iliyoko Uholanzi, au tumia VPN, huduma inayokufanya uonekane uko nchi nyingine, yenye seva huko, kisha endesha amri hii ya programu ya curl ukiweka kiungo chako mahali pake:

`curl -sL -D - -o /dev/null "kiungo-chako"`

Itakuonyesha kila hatua ya safari. Soma mistari yote inayoanza na *Location*. Usitumie chaguo la *-I* peke yake, kwani baadhi ya seva hujibu tofauti zikiombwa vichwa tu. Rudia jaribio kwenye kivinjari, kwenye dirisha la faragha, ukiwa umefungua zana za wasanidi upande wa mtandao, kwa kuwa uhamisho unaofanywa kwa JavaScript, yaani programu inayoendeshwa ndani ya ukurasa, hauonekani kwenye curl. Dirisha la faragha lina maana yake: jibu la 301, la uhamisho wa kudumu, hukumbukwa na kivinjari, na jaribio la pili linaweza kukudanganya.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni anwani ya mwisho. Ikiwa haina kitambulisho chochote, huenda ni uzembe wa fundi aliyesahau kubeba vigezo, na unarekebishika kwa siku moja. Lakini ikiwa ina kitambulisho *kingine*, cha mshirika mwingine, basi kuna mtu anayelipwa kwa mgeni wako. Hapo meneja hawezi tena kusema kwamba nchi ile haina thamani. Hifadhi matokeo yote pamoja na tarehe, saa na picha za skrini.

Mwandikie meneja kwa barua pepe, si kwa gumzo, ukimtaka ajibu: mgeni wa nchi iliyozuiwa anapelekwa wapi, kwa kitambulisho cha nani, tangu lini, na wachezaji waliosajiliwa kwa njia hiyo watahesabiwaje. Dai pia kifungu katika mkataba kwamba utaarifiwa kabla orodha ya nchi haijabadilika, na kwamba hakuna uhamisho utakaofanyika bila idhini yako. Soma mkataba wa sasa kwanza. Ukikuta kifungu kinachowaruhusu kuhamisha wageni watakavyo, dai la nyuma litakuwa gumu, na nguvu yako itabaki kwenye viungo unavyoendelea kuwapa.

Nawe una wajibu. Mgeni akipelekwa kwenye kasino isiyo na leseni nchini mwake, anaweza kupoteza fedha asipate pa kulalamikia, na jina aliloliamini ni lako. Usiidai kamisheni ya kasino kama hiyo. Dai uhamisho usitishwe. Wewe mwenyewe unaweza kuchuja kabla ya mbofyo: ukitumia Cloudflare, huduma inayokaa kati ya wageni na tovuti yako, washa utambuzi wa nchi, na kila ombi litakuja na kichwa cha *CF-IPCountry* kinachotaja nchi ya mgeni. Kikisema NL, yaani Uholanzi, ficha kiungo cha kasino hiyo, uonyeshe kasino zenye leseni ya Uholanzi tu. Fanya hivyo leo, hata kabla meneja hajajibu.