Wasomaji Wanauliza: Bei hazishuki, dishi za Ngomeni na pesa iliyozama na simu

SWALI: Assalam aleikum. Kila mwezi nasikia redioni mfumuko wa bei umeshuka, na dola nayo tuliambiwa imeshuka toka 160 mpaka 129, lakini mimi nauza mahamri na unga wa ngano, sukari na mafuta nanunua bei ile ile au zaidi. Nikimuuliza mwenye duka yuwasema ni serikali, serikali nayo yasema ni wenye maduka. Sasa nani anatudanganya?
– Mama muuza mahamri, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam mama. Hesabu za redioni ni za kweli, tatizo ni kwamba wakishazisoma hawakuelezi zina maana gani na watu wanabaki wanasubiri bei zishuke, na hazishuki, halafu wanaona kila mtu ni mwongo. Mfumuko ukishuka bei hazirudi nyuma, zinaendelea kupanda ila polepole kuliko mwanzo. Boti ya Mokowe ikipunguza mwendo si kwamba imegeuza, bado inakwenda kule kule ilikokua inakwenda.

Tupige hesabu tuone. Oktoba 2022 mfumuko ulikua asilimia 9.6, Oktoba 2023 ukawa 6.9, Oktoba 2024 ukashuka mpaka 2.7 na hapo ndo tulisikia pongezi nyingi. Haya chukua kapu la vitu lililokua shilingi 1,000 Oktoba 2021. Mwaka wa kwanza limefika 1,096, wa pili kama 1,172, wa tatu kama 1,203. Yaani mwaka ule ule tunaoambiwa mambo yametulia ndo kapu lilikua ghali kushinda miaka yote hiyo! Ili lirudi 1,000 mfumuko ungepaswa uende chini ya sifuri kabisa, na haukwenda. Alafu kumbuka kapu la KNBS, shirika la takwimu la taifa linalopiga hizo hesabu, ni la nchi nzima na lina kodi ya nyumba, nauli, stima, nguo na mengine mengi, wewe kapu lako ni unga, sukari na mafuta, kwahiyo hata wakipiga hesabu sawasawa mfuko wako unaweza kuumia kuliko wanavyosema, na hapo huongopi wala wao hawaongopi.

Upande wa dola uko sahihi kushangaa. Ngano nyingi tunayokula Kenya inatoka nje na mafuta ya kupikia yanatengenezwa na mawese yanayotoka nje pia, kwahiyo shilingi ikipata nguvu tungetarajia nafuu. Sehemu ilikuja kweli, petroli Nairobi ilipita 217 kwa lita Oktoba 2023 na mwaka mmoja baadae ikawa kama 180. Lakini angalia na upande wa ushuru: Julai 2023 VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta ya magari ilipandishwa toka asilimia 8 mpaka 16, na Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara ukapandishwa toka shilingi 18 mpaka 25 kwa kila lita. Kwahiyo nafuu ya dola ilipokua inashuka kwenda kwa mwananchi nyingine iliishia kwenye ushuru, na mzigo wako mama unapanda lori kutoka Mombasa, unapita Malindi, unapita Garsen mpaka Mokowe, alafu unaingia botini kuvuka, kila hatua inachoma mafuta.

Na hapa mimi inaniuma sana. Ushuru wa barabara unatozwa kwenye lita kabla hata haijafika pampu, kwahiyo nahodha wa Amu anaeweka petroli kwenye mashine ya boti analipa shilingi 25 za barabara wakati chombo chake hakijawahi kukanyaga lami. Mvuvi wa Kizingitini analipa. Mgonjwa anaeletwa na boti hospitali analipia ndani ya nauli. Hili ndilo la kumuuliza mbunge mkutanoni, kwa jina lake na kwa kiasi chake, maana tukishinda tunagombana na mwenye duka kuhusu mfumuko waliopitisha ushuru hawaulizwi kitu. Simtetei mwenye duka, wapo wanaopandisha mara moja dola ikipanda na wakasahau kushusha ikishuka, kwahiyo zunguka maduka matatu manne kabla hujanunua gunia na kama mko wauza mahamri kadhaa nunueni pamoja.

SWALI: Mimi ni mkulima, wazee huku wanasema zile dishi za Waitaliano pale Ngomeni zinafukuza mawingu ndo maana mahindi yalikauka miaka ile mfululizo. Pia wanasema roketi bado zinarushwa usiku. Ni kweli?
– Kijana wa Gongoni

JIBU: Hapana kwa yote mawili ndugu yangu, na la mvua ni rahisi kulipima mwenyewe. Ukame unaousema, ule wa misimu mitano kufeli toka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, haukua wa Gongoni peke yake. Ulipiga Wajir, ukapiga Somalia, ukapiga kusini mwa Ethiopia, mahali ambapo hiyo mitambo haiko. Chanzo chake kikubwa kilikua La Niña, maji ya bahari ya Pasifiki kupoa, ikakaa miaka mitatu mfululizo na upepo wa kutuletea unyevu wa baharini ukavurugika. Kisha mwisho wa 2023 ikaja El Niño, bahari ya Hindi upande wetu nayo ikawa na joto, mvua ikanyesha mpaka barabara ya Lamu ikakatika kwa maji. Dishi za Ngomeni zilikua pale pale zinafanya kazi ile ile. Zile ni za kupokea habari kutoka kwa setilaiti na kuzitumia amri, mawimbi ya redio tu, hayana nguvu ya kusukuma wingu.

Roketi zilirushwa kweli, lakini ya kwanza kubeba setilaiti kutoka kwenye yale majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini ni Aprili 1967 na ya mwisho ni Machi 1988, kwahiyo mtu yeyote aliezaliwa baada ya hapo hajaona hata moja. Walipachagua kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambapo dunia inazunguka kwa kasi kama kilomita 1,670 kwa saa na roketi inapata msukumo wa bure, na upande wa mashariki ni bahari tupu, mabaki yakianguka hayampati mtu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani wakaiita Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa maalum kuchunguza mionzi ya eksrei kutoka angani. Hili watoto wa Ngomeni na Gongoni wangefundishwa darasani, ni historia ya kwao. Setilaiti yetu wenyewe Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023 kutoka California, sio hapa.

Lakini wazee msiwapuuze. Chini ya habari ya mawingu kuna swali la haki kabisa: tangu miaka ya 60 vijiji vilivyozunguka pale vimepata nini, ajira ngapi, masomo ya nani? Hilo mliulize kwa maandishi na mdai majibu kwa maandishi. La mvua mtu atalicheka tu na kuondoka.

SWALI: Simu imenichopoka ikazama nikiwa nawapeleka wageni, na nilikua na pesa M-Pesa. Wenzangu wanasema pesa imekwenda na laini. Nifanyeje?
– Nahodha, Watamu

JIBU: Pole sana nahodha, haijakwenda. Pesa haikai kwenye simu wala kwenye laini. Tangu huduma ianze Machi 2007 shilingi zenyewe zinakaa kwenye akaunti za benki chini ya wadhamini, na mitambo ya kampuni inaweka rekodi tu ya namba gani ina kiasi gani. Beba kitambulisho uende ukarudishiwe laini ya namba ile ile, salio utalikuta.

Kuzama si hatari, hatari ni kuibiwa. Simu ikiingia mikononi mwa mtu piga hapo hapo kwa simu ya mwenzako laini ifungwe, usingoje kesho. Namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa maana uko kwenye kitambulisho, na yeyote atakaekupigia kukuomba hiyo namba, hata akijitambulisha ni wa kampuni na akalitaja jina lako lote, kata simu.