Maumivu ya neva: dawa ya kupaka humfaa nani?

Juma hili barua nyingi zinauliza jambo moja: maumivu ya neva (mishipa ya fahamu), yale ya kuwaka moto na kuchomachoma, yanaweza kutulizwa kwa kupaka au kubandika dawa badala ya kumeza? Nimejibu tano.

Daktari, mimi ni askari mstaafu, naishi Bombo. Mwaka jana nilipata mkanda wa jeshi ubavuni. Malengelenge yalipona, lakini hadi leo shati likinigusa naruka. Binti yangu aliyeko Uingereza ameniletea plasta za lidokaini, dawa ya ganzi. Nizitumie?

Pole sana, mzee wangu. Kati ya wote walioniandikia, wewe ndiye ninayetarajia utanufaika zaidi na dawa ya kubandika. Maumivu yako yamekaa mahali pamoja, unaweza kuyafunika kwa kiganja. Ngozi imefunga, haina kidonda. Na shati tu linakuumiza, dalili kwamba ncha za neva kwenye ngozi huenda bado zi hai na zinapiga kelele ovyo. Lidokaini huzituliza palepale ngozini, na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Kwa mtu wa umri wako hilo ni jambo kubwa, maana vidonge vingi vya maumivu ya neva huleta kizunguzungu, na kuanguka usiku kunavunja nyonga.

Bandika kwenye ngozi kavu kwa muda wa saa 12, kisha bandua ngozi ipumzike saa 12 nyingine. Zisizidi plasta 3 kwa wakati mmoja. Unaweza kuzikata kwa mkasi zilingane na eneo lako kabla ya kutoa utando wa nyuma. Kama kuna nywele, zipunguze kwa mkasi, usinyoe kwa wembe. Ikiwa unatumia dawa ya mapigo ya moyo, mwonyeshe daktari wako plasta hizo kwanza. Kila jioni andika maumivu yako kwa namba, 0 hadi 10. Wiki 2 hadi 4 zikipita bila namba kushuka, acha, wala usimwombe binti yako atume nyingine.

Nasomea uuguzi Mbale. Dawa hizi ni ghali. Hakuna kipimo cha kutabiri nani zitamsaidia kabla hajanunua?

Mdogo wangu, umeuliza swali ambalo watafiti wanalihangaikia tangu miaka ya 1990. Wazo lao ni hili: jina la ugonjwa halitoshi. Watu wawili wanaweza kuwa na kisukari kilekile, mmoja neva zake za ngozini zimebaki lakini zimekasirika, mwingine zimekufa na ngozi imebaki ganzi. Dawa inayofanya kazi ngozini inahitaji neva ya kuifanyia kazi. Ujerumani walitengeneza utaratibu mrefu wa kupima ngozi kwa joto, baridi, brashi na vijiti vya kuchoma, ili kuwapanga wagonjwa kwa namna ngozi yao inavyohisi.

Je, wazo hilo limethibitika? Nusu. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark walijaribu kidonge cha okskabazepini, dawa ya kifafa, kwa wagonjwa waliowapima hivyo. Kwa wale wenye neva zilizokasirika, ilibidi kutibu takriban watu 4 ili mmoja apate nafuu kubwa kutokana na dawa. Kwa wale wengine ilibidi kutibu 13. Tofauti hiyo ni kubwa. Mwaka uliofuata walijaribu plasta ya lidokaini kwa njia hiyohiyo, na kwa wastani wa maumivu makundi hayo mawili hayakutofautiana waziwazi. Tena kulikuwa na jaribio la jeli ya klonidini, dawa ya shinikizo la damu, kwa wenye kisukari: kwanza walipakwa kapsaisini, ile kemikali inayoipa pilipili ukali wake, na waliohisi inawachoma ndio waliokuja kufaidika na jeli. Walioona haiwafanyi kitu hawakufaidika.

Kwa hiyo upimaji unakupa mwelekeo, haukupi hukumu. Na huhitaji mashine kuanza. Chukua pamba, kijiti cha meno na chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kwa kalamu, chora mpaka wa eneo linalouma. Pitisha pamba, gusa kwa kijiti, weka chupa, kila mara ukilinganisha na upande usiouma. Kuguswa kukiuma kupita kiasi na eneo likiwa dogo, mjadili mgonjwa huyo na daktari kuhusu dawa ya kubandika. Pakiwa ganzi kabisa, mimi singemshauri auze kuku kununua plasta. Angalia pia muda: katika uchambuzi wa wagonjwa waliotumia plasta kali ya kapsaisini, waliokuwa na maumivu kwa chini ya miezi 6 ndio walioitikia vizuri zaidi. Ndiyo maana naumia nikiona mtu anaambiwa "vumilia" mwaka mzima.

Mimi ni mama wa miaka 58, Jinja. Nina kisukari, nyayo zote mbili zinawaka usiku, na mchana nakanyaga kama niko juu ya pamba. Jirani anasema nipake pilipili iliyopondwa kwenye mafuta. Ni kweli inasaidia?

Mama, usipake. Jirani amesikia jambo la kweli lakini amelipinda. Kapsaisini ni dawa kweli. Kipokezi chake, yaani sehemu ya neva inayoihisi, kiligunduliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Lakini plasta yake ya asilimia 8 hubandikwa na mhudumu aliyevaa glovu, miguuni kwa dakika 30 tu. Pilipili ya sokoni haina kipimo, na wewe nyayo zako ni ganzi: inaweza kukuunguza usijue, na kidonda cha mguu wa kisukari kinaweza kuishia kukatwa mguu.

Kwa kuwa miguu yote miwili imeguswa na hisia zimepungua, mwulize daktari kuhusu kidonge cha usiku kama amitriptilini. Huanzishwa kwa kiasi kidogo, nayo bei yake ni nafuu. Mweleze kama una tatizo la moyo. Na kila jioni mwombe mjukuu akague nyayo zako kwa tochi.

Nilikuwa boda boda Arua. Nilikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali. Vidole ambavyo sina vinauma. Nipake jeli ya diklofenaki?

Kaka, hapana, jeli hiyo ni ya viungo na misuli. Maumivu ya vidole visivyokuwepo yanaendeshwa zaidi na uti wa mgongo na ubongo, na dawa ya ngozini haifiki huko. Ila bonyeza kigutu polepole kwa kidole. Ukipata nukta moja inayorusha umeme, mwonyeshe daktari, kwani nukta hiyo inaweza kutibiwa palepale. Mwulize pia mtaalamu wa viungo kuhusu mazoezi ya kioo, yaani kuuchezesha mguu mzima ukiutazama kwenye kioo.

Ndugu yangu wa Busia anatumia dawa za VVU, na miezi minne iliyopita alianza za kifua kikuu. Sasa nyayo zinamwaka. Apake nini?

Asipake kitu kwanza. Jeli ya lidokaini ilijaribiwa kwa neva zilizoharibiwa na VVU ikashindwa. Plasta kali ya kapsaisini ilifaulu katika jaribio moja, haikufaulu katika lililofuata. Kwake kuna jambo la karibu zaidi: isoniazidi, moja ya dawa za kifua kikuu, inaweza kupunguza vitamini B6 mwilini na kuumiza neva. Tazameni kama anapewa piridoksini, ambayo ndiyo B6 yenyewe. Aende kliniki juma hili na vidonge vyake vyote mkononi, asingoje tarehe ya kurudi, na asiruke dozi hata moja ya kifua kikuu.