Wabunifu wapya, wino una tabia zake

Wadogo zangu mlioanza kazi studio mwaka huu, nawapenda, lakini jana nimeona tena kipeperushi chenye herufi zilizovutwa kwa upana ili zijaze boksi. Acheni hiyo, hata mteja akisema "itanue kidogo."

1. Jueni kazi itachapwa kwenye nini ndipo mchague fonti. Hapa nitasema kirefu. Tuliwahi kutoa orodha ya namba za simu za mawakala, pointi 6, karatasi ya gazeti. Kwenye skrini, ikiwa imekuzwa asilimia 400, ilipendeza, tukaipitisha. Mashine ilipokolea, wino ukatambaa: 6 na 8 zikaziba matumbo, 3 ikafunga mdomo. Watu wakawa wanawapigia wasiowajua. Mawakala walikuja wakiwa wamekasirika, na walikuwa na haki.

Liliuma zaidi kwa kuwa dawa yake ipo tangu 1978. Kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilimwagiza mchora herufi Matthew Carter herufi za vitabu vyake vya simu: maandishi madogo, karatasi duni, mitambo ya kasi. Akatoa fonti ya Bell Centennial. Ikuzeni muitazame: penye maungio ya mistari kachonga mapengo, unaweza kudhani herufi zimetafunwa na panya. Zikichapwa, wino unajaa kwenye mapengo na herufi inakamilika. Alichora herufi akiwa ameshamhesabu wino.

2. Hakikisheni namba 1, I kubwa na l ndogo hazifanani. Verdana, fonti ambayo Carter huyo huyo aliichorea Microsoft, ikatoka 1996, inazitenganisha vizuri. Alianza na pikseli, yaani vidoto vya skrini, umbo laini likafuata. Mnaoisema ni pana mno, iwekeni ndogo kwenye skrini hafifu kisha mje tuzungumze.

3. Shikeni penseli. Mwaka 1955 Carter, kijana wa Kiingereza, alikwenda Haarlem, Uholanzi, kwenye kiwanda cha Enschedé, akajifunza kuchonga herufi kwa mkono kwenye chuma, wakati ufundi huo ulishaanza kukosa soko. Mitambo ikabadilika, ikaja ya kupanga herufi kwa njia ya picha, ikaja kompyuta, na yeye akaendelea kuchora kwa jicho lile lile. Ndiyo maana nawang'ang'aniza mchore "a" hadi mnune.

4. Prufu, yaani nakala ya majaribio, itoke kwa saizi halisi, kwenye karatasi ya kazi yenyewe. Vibandiko vya duka la dawa vinakwenda kuchapwa Ijumaa, na prufu yake bado sijaiona mezani.