Kabla Hujanunua Inveta ya Gari la Kambi, Hesabu Fyuzi Zake

Juma lililopita msomaji mmoja wa Mwanza aliniandikia kwamba amemaliza kutengeneza Hiace yake kwa ajili ya safari za kulala porini, ameweka kitanda, jiko la gesi na paneli ya sola juu ya paa, na sasa anataka kununua inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa soketi kama wa nyumbani, ya wati 3000 ambayo muuzaji amemhakikishia kuwa "inabeba nyumba nzima". Picha aliyonitumia ilinichoma kidogo, kwa kuwa kifaa kile kinafanana kabisa na kile nilichowekewa mezani katika duka moja la Kariakoo wakati nikitayarisha Land Cruiser yangu. Nilimwomba muuzaji anigeuzie kifaa nione upande wa nyuma. Alicheka, akamwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika kwamba mteja huyu hana hela, anatafuta tu sababu ya kuondoka. Hela nilikuwa nayo mfukoni, na nilitoka nayo.

Nilichokuwa nikitafuta ni fyuzi. Inveta nyingi za bei nafuu za volti 12 huwa na fyuzi za kuchomeka kama zile za gari, ama nyuma karibu na vichwa viwili vya kufungia waya za betri, ama ndani ya mfuniko, na kila fyuzi imeandikwa ampea zake juu ya plastiki. Ile ya dukani ilikuwa na fyuzi tatu za ampea 30. Jumla ni ampea 90. Zidisha kwa volti 12 upate wati 1080, kabla hata hujatoa kiasi kinachopotea kuwa joto. Hizo wati 3000 zinatoka wapi? Kwa vifaa vya namna hii, namba kubwa iliyochapwa juu ya boksi mara nyingi ni ya kilele, yaani mzigo ambao kifaa kinaweza kuuvumilia kwa muda mfupi sana mota inapoanza kuzunguka. Namba inayokuhusu wewe ni ya mzigo wa kuendelea, nayo aghalabu imejificha ndani ya kijitabu, kwa herufi ndogo.

Tuseme basi wati 3000 ni za kweli. Ili kuzitoa katika betri ya volti 12, unahitaji mkondo unaozidi ampea 250, na betri moja ya asidi ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) haina ubavu huo: volti zitaporomoka na inveta itajizima kabla maji ya chai hayajachemka. Kwa hiyo nilimjibu msomaji wangu aache kwanza habari za inveta, achukue karatasi, aandike kila kitu atakachochomeka na wati zake. Orodha yangu mimi ni fupi: kompyuta mpakato yenye chaja ya wati 65, chaja za betri za kamera, mashine ya kunyolea na blenda ndogo ya wati 350 ambayo mke wangu haachi nyumbani. Birika la umeme na pasi havimo wala havitaingia, kwa kuwa gesi inachemsha maji vizuri na porini hakuna anayekagua mikunjo ya shati. Inveta yangu ni ya wati 600 za kuendelea, na imenitosha kila nilikokwenda.

Friji haimo pia katika orodha hiyo, na hapa ndipo wengi hupotea. Friji za safari zenye kompresa hutumia volti 12 moja kwa moja, kwa kawaida wati 40 hadi 60 kompresa inapofanya kazi. Ukinunua friji ya nyumbani kwa sababu ni rahisi, halafu ukailisha kwa inveta, utalazimika kuiacha inveta ikiwaka usiku kucha, na inveta inayowaka hula umeme hata isipochomekwa kitu. Kubwa ya wati 2000 inaweza kula wati 20 bure. Kwa saa 12 ni wati-saa 240. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu ikiwa unataka iishi, inakupa takribani wati-saa 600 tu. Karibu nusu ya chakula chako imeliwa na mgeni ambaye hakufanya kazi yoyote.

Nililiona hili Katavi, msimu wa kiangazi uliopita, wakati viboko wamebanana katika madimbwi ya mto Katuma. Majirani zetu kambini walikuwa na gari kubwa kuliko letu, lenye inveta ya ukubwa wa sanduku la nguo, na jioni ya kwanza walitutazama kwa huruma. Asubuhi ya pili friji yao ilikuwa kimya na nyama imeanza kutoa maji. Walikuja kwetu na simu zao zote, nikazichaji, nikawagandishia na chupa za maji, na sikosi kukiri kwamba niliwaeleza habari za fyuzi na wati kwa kirefu zaidi ya walivyoniuliza. Wenye vitu vikubwa hawapendi kuhesabu, na ndio maana huishia kuomba kwa wenye vidogo.

Kuhusu aina ya umeme unaotoka, nunua inveta ya wimbi safi, yaani ile ambayo umeme wake hupanda na kushuka taratibu kama wa nyumbani. Zile za wimbi la ngazi, ambazo umeme wake huruka kwa hatua, ni nafuu na zinawasha taa na kuchaji baadhi ya vitu, lakini mota hunguruma na kupata joto nazo, na mwenye mashine ya kusaidia pumzi usingizini asizikaribie bila kusoma maelekezo ya mtengenezaji wa mashine hiyo. Hakikisha pia volti za gari lako. Coaster nyingi za dizeli zilizotoka Japani, na malori, hutumia mfumo wa volti 24, na inveta ya volti 12 ikifungwa huko itajizima ukiwa na bahati, au itaungua.

Waya ndizo zinazodharauliwa kuliko vyote. Zile nyembamba zenye vibano zinazokuja ndani ya boksi ziache humo humo. Kwa inveta ya wati 600 mimi nimetumia waya ya shaba ya milimita 16 za mraba, isiyozidi mita moja na nusu, yenye fyuzi ya ampea 80 karibu kabisa na betri, kwa maana kazi ya fyuzi hiyo ni kuilinda waya isiwake moto ikichubuka. Inveta yenyewe iko chini ya kiti cha abiria, mahali penye hewa na mbali na betri ya asidi, ambayo hutoa gesi inayolipuka wakati wa kuchajiwa. Kila ukimaliza barabara ya vumbi inayotetemesha gari kutwa nzima, shika nati za waya kwa mkono baada ya kuzima kila kitu. Iliyolegea hupata joto, na plastiki yake huanza kubadilika rangi kabla hujasikia harufu.

Jambo la mwisho linawahusu wanaolala katika kambi zenye umeme wa TANESCO. Usiunganishe umeme huo na soketi zile zile zinazolishwa na inveta bila swichi ya kubadilisha njia, iliyofungwa na fundi umeme anayeijua kazi hiyo. Umeme wa gridi ukiingia katika mlango wa kutokea wa inveta, inveta hufa papo hapo, na bado sijakutana na muuzaji aliyekubali kuibadilisha kwa dhamana.